Hogarth aliwachora watazamaji, akaliacha jukwaa

Hebu tujiulize: anayehakiki mchezo wa kuigiza humtazama nani, mwigizaji au mtazamaji? Aghalabu sisi wahakiki humtazama mwigizaji tu. Mwaka 1733, mchoraji Mwingereza William Hogarth alifanya kinyume. Katika chapa yake The Laughing Audience, yaani hadhira inayocheka, jukwaa halionekani kabisa. Nakala zake zimehifadhiwa katika makavazi ya British Museum, London, na Metropolitan, New York.

Tunachoonyeshwa ni ukumbi. Mbele wapo wanamuziki watatu, kila mmoja na ala yake. Nyuma yao, ng'ambo ya kizuizi chenye miiba ya chuma, watu wa kawaida wamebanana wakicheka hadi mbavu ziwaume. Juu yao, mabwana wawili watanashati hawana habari na mchezo: mmoja anachezeana na muuza machungwa, mwenzake anamwandama bibi mmoja.

Miongoni mwa wale wa chini, mmoja hacheki, amenuna. Wengi humwita mhakiki. Ni dhihaka tamu, nayo inatuchoma sisi wa taaluma hii. Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumesoma nusu ya picha.

Jukwaa liko wapi? Liko upande wa mbele, pale tuliposimama sisi tunaoitazama chapa. Tumekuja kuwacheka wanaocheka, kumbe tumesimama mahali pa wanaochekwa.

Hilo linapata uzito tukikumbuka kazi ya chapa yenyewe. Hogarth aliitoa kama stakabadhi kwa waliolipia mapema A Rake's Progress, picha nane za kijana anayefuja urithi wa babake hadi kuishia katika hospitali ya wendawazimu. Mteja aliyelipa ili auone upumbavu wa mwingine alikabidhiwa kwanza picha ya watazamaji, ajitafute humo: je, yuko chini akicheka, juu akitongoza, au ndiye yule aliyenuna?

Wanafunzi wetu wa fasihi simulizi hukariri kwamba hadhira ni sehemu ya utendaji. Wakipewa tamthilia, basi, wanaorodhesha sifa za wahusika na kufunga kitabu. Tuwatume ukumbini wakaandike nani alicheka, alicheka wapi, na nani alinyamaza wenzake walipoangua kicheko. Huo nao ni uhakiki.