Karanga Zinapoingia Chunguni

Mboga ya karanga haifichi uzembe. Wali ukishika chini, watoto watagombea ukoko. Nyama ikiungua pembeni, mtu atasema imebanikwa. Lakini karanga zikishika chini ya chungu, harufu yake hupanda mpaka kwenye kila jani, na hakuna kiungo cha kuifukuza. Ndiyo maana nikisikia watu wakisema chakula cha nyumbani hakihitaji ufundi, natamani niwapeleke Ilembo, pale Mpanda, wakae kigodani karibu na mama anayeunga kisamvu, wamwangalie mkono wake tu, bila kuuliza kitu.

Ilembo ni kata ya Manispaa ya Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi, mkoa uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Reli inayochepuka Kaliua kutoka reli ya kati inaishia hapa. Ilijengwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwa ajili ya machimbo ya madini ya risasi. Machimbo yakafungwa, reli ikabaki, na watu wakaendelea kuja. Wakonongo, Wabende na Wapimbwe walikuwapo. Wafipa walitoka kusini, Waha walitoka Kigoma, Wasukuma wakaja na ng'ombe wao na jembe lao la mpunga. Waliokimbia Burundi mwaka 1972 walipewa makazi Katumba, na baadaye Mishamo, na wengi wao leo ni raia. Kila nyumba ilikuja na chungu chake. Upande wa Tabora wanaunga kwa karanga. Upande wa Kigoma na Burundi wanaunga kwa mawese. Mtu wa pwani akihamia kikazi atatafuta nazi hata kama bei yake inaumiza. Kwa hiyo katika mtaa mmoja wa Ilembo jani lilelile la muhogo linaweza kupikwa kwa namna tatu, na kila mpishi ana hakika kwamba majirani wake wanakosea.

Nyumbani kwetu karanga zilishinda, kwa sababu bibi mzaa mama alitoka upande wa Inyonga, na kwa bibi yule mboga isiyoungwa ilikuwa mboga ya mgonjwa.

Kazi yake haikuanzia jikoni. Ilianzia kwenye ungo, saa za mchana, karanga zikiwa zimemwagwa mbele yake naye akizichambua moja moja. Iliyosinyaa, nje. Iliyobadilika rangi, nje. Iliyopasuka ikaingiwa na unyevu, nje. Sisi watoto tuliona ni uchoyo wa macho, kwa sababu nyingi alizozitupa zilionekana nzuri kabisa. Leo wataalamu wa chakula wanasema jambo hilohilo: kuvu inayotoa sumukuvu hupenda karanga zilizovunjika, zilizosinyaa na zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu, na kuzichambua kwa mkono ni njia mojawapo bora ya kupunguza sumu hiyo nyumbani. Sumukuvu si jambo la vitabuni tu. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Bibi hakuwa na jina la sumu. Alikuwa na vidole, na vidole vyake havikuwa na huruma.

Baada ya kuchambua huja kukaanga, na hapo nyumba hutofautiana. Wako wanaotwanga karanga mbichi, mboga yao ikawa nyeupe na laini. Wako wanaokaanga mpaka ziwe kahawia, mboga ikanukia kuanzia barabarani. Mimi nipo upande wa bibi: kukaanga kidogo tu, moto mdogo, mpaka ganda jekundu lianze kuachia likisuguliwa kiganjani. Kisha hupetwa, maganda yakapeperuka, na punje hutwangwa kinuni. Kutwanga nako kuna mipaka yake. Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta. Ukizidisha mchi, unga unageuka kuwa donge linalonata, na donge hilo halitafunguka vizuri chunguni. Mtwangaji mzuri husimama hatua moja kabla ya hapo, akachekecha, akarudisha chenga kinuni.

Zao hili lina historia ya ajabu katika nchi yetu. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, ili kupata mafuta ya kula kwa watu wake waliokuwa na upungufu baada ya vita. Maeneo yalikuwa matatu: Kongwa, Nachingwea na Urambo. Urambo iko kwenye reli ya kati, si mbali na pale Kaliua inapochepuka njia ya kuja kwetu. Yaliletwa matrekta na mitambo ya kung'oa miti. Udongo wa Kongwa ukakauka ukawa mgumu kuliko majembe ya mitambo, mvua zikakosa ratiba, vipuri vikakosekana, na mwaka 1951 mradi ukaachwa, zaidi ya pauni milioni 35 zikiwa zimepotea. Wakati wote huo, wanawake wa Unyamwezi na Ukonongo waliendelea kupanda karanga zao kwa jembe la mkono, kipande kidogo karibu na nyumba, wakizipokezanisha na mahindi mwaka hadi mwaka, maana walijua mahindi yanayofuata karanga hustawi. Kila msimu walivuna. Sijui kipimo kingine cha maarifa kinachonishawishi zaidi ya hicho.

Kisamvu chenyewe kina hatari yake, na hapa ndipo heshima yangu kwa wapishi hawa inapoongezeka. Majani ya muhogo yana kemikali ambazo, jani likipondwa, huvunjika na kutoa sianidi. Kutwanga ndiko kunakoianzisha kazi hiyo, na ndiko kunakoiwezesha kumalizika: kadiri jani linavyopondeka, ndivyo sumu inavyoachiliwa yote badala ya kubaki imejificha ndani. Kisha sianidi hupotea hewani kwa urahisi sana, kwa kuwa huchemka kwenye nyuzi 26 tu za Selsiasi. Kwa hiyo chungu cha kisamvu kinachemka bila kufunikwa. Nilipokuwa mtoto niliambiwa, "Usifunike, kitakuwa na harufu ya ubichi," nami sikuhitaji maelezo zaidi. Walioambiwa hivyo na mama zao ni wengi sana duniani. Wakongo wana sombe, Warundi wana isombe na nyanya chungu zake, Wamalagasi wana ravitoto ya nyama ya nguruwe, na kule Belém, Brazili, wanapika maniçoba, ambayo majani yake huchemshwa kwa siku kadhaa, kwa kawaida wiki nzima, kabla hayajaguswa na mlaji. Muhogo na karanga vyote viwili asili yake ni Amerika ya Kusini, na vilifika Afrika kwa jahazi za Wareno kuanzia karne ya 16. Chungu cha bibi kilikuwa kimesafiri mbali kuliko mtu yeyote wa ukoo wetu.

Majani yanayofaa ni ya ncha, machanga, yanayovunjika kwa kidole bila kelele. Hutolewa vikonyo, huloweshwa kwa maji ya moto yakanyauka, kisha hutwangwa na kitunguu, na wengine huongeza kipande cha nyanya chungu. Wakiwa wawili kinuni, michi hupokezana, mmoja ukipanda mwingine ukishuka. Ukitaka kujua kama shangazi na wifi yake wamepatana, sikiliza kinu.

Sasa karanga zinaingia. Unga huvurugwa kwanza na maji ya uvuguvugu kwenye bakuli mpaka uwe mwepesi, usio na madonge. Kuni mbili zinavutwa nyuma. Uji ule humiminwa taratibu huku mwiko ukienda upande mmoja, na tangu hapo mpishi haondoki. Mtu akibisha hodi, ataitikiwa "Karibu!" kutoka jikoni na atajikaribisha mwenyewe. Mchanganyiko hupanda ghafla, unataka kumwagika. Hupozwa kwa kijiko cha maji au kwa kuinua mwiko. Halafu hushuka, huwa mzito, na mapovu yake hubadilika: mwanzo madogo na ya haraka, baadaye makubwa, yanayopasuka moja moja kwa sauti nzito. Bibi alikuwa akijua hatua kwa kusikia tu, akiwa amegeuka anakata kitu kingine. Mwisho wa kazi hauamuliwi na saa. Unaamuliwa na mafuta, yanapoanza kuelea juu na kukusanyika kandokando ya chungu, ya dhahabu. Kabla ya hapo karanga ni mbichi na tumbo litalalamika. Chumvi hutiwa hapo mwishoni, kwa sababu mboga inayopungua huongeza chumvi yake yenyewe.

Tena mafuta hayo yana kazi nyingine. Karotini ya majani mabichi, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, hufyonzwa vizuri ikiandamana na mafuta. Mtoto anayekula kisamvu cha karanga anafaidi jani kuliko mtoto anayelishwa jani la kuchemsha tupu.

Katavi ina masika moja, kuanzia karibu Novemba mpaka Aprili. Baada ya hapo ni vumbi mpaka mvua zirudi, na bustani hunyamaza. Kwa hiyo wakati kunde ziko changa, majani yake huchumwa kwa wingi, huchemshwa, na kuanikwa juani mpaka yawe meusi na makavu: hiyo ndiyo nsansa, urithi wa Wanyamwezi na Wasukuma ambao sasa umekuwa wa kila mtu. Viazi vitamu hukatwa vikaanikwa vibichi vikawa michembe, au huchemshwa kwanza vikawa matobolwa. Uyoga wa miombo nao huanikwa. Mwezi wa Septemba, jua likiwa kali kweli, nsansa hulowekwa, hupikwa, huungwa kwa karanga, na ladha inayotoka si ya majani mabichi hata kidogo. Ni nzito, ya udongo, yenye uchungu mdogo nyuma ya ulimi. Mimi huipenda kuliko kisamvu, na najua ndugu zangu watanilaumu kwa kuandika hivyo.

Pembeni kuna samaki. Migebuka na dagaa wa Ziwa Tanganyika hupanda kutoka Karema na Ikola, wamekaushwa, wakauzwa sokoni kwa mafungu. Mgebuka mkavu hubanikwa kidogo, hupasuliwa, kisha hutumbukizwa kwenye karanga dakika za mwisho. Chumvi iliwahi kutoka Uvinza, ambako watu wamekuwa wakichemsha maji ya chemchemi kupata chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000.

Kwetu chakula hakiliwi na nyumba moja. Mboga ikiiva vizuri, bakuli hufunikwa kwa sahani na mtoto hutumwa kwa jirani: "Shikamoo mama, bibi amesema muonje." Bakuli hilo halirudi tupu. Linaweza kurudi siku tatu baadaye na mapera, na njugu mawe, au na isombe ya mawese, nasi tukakaa kuonja na kubishana. Ni kwa njia hiyo bibi, aliyekuwa mkaidi kuliko wote, alianza kutia nyanya chungu kwenye kisamvu chake. Hakusema alijifunza kwa nani. Jirani wa kutoka Katumba alijua.

Watafiti wamewaandika wahunzi wa Ufipa na tanuri zao ndefu za kuyeyushia chuma, malungu, na wanastahili kila neno. Natamani wangeandika pia juu ya mkono ulioshika mwiko. Mhunzi alisoma rangi ya moto. Mpishi wa karanga anasoma sauti, harufu, na uzito wa mwiko kwa pamoja, kila siku, mtoto akiwa mgongoni.

Siombolezi moshi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034, nami naliunga mkono jambo hilo kwa moyo wote, kwa sababu nimeona macho ya bibi yalivyokuwa mekundu jioni. Ufundi wake haukukaa kwenye kuni. Gesi ina faida kubwa kwa karanga: moto hupungua papo hapo unapotaka. Hata mashine za kusaga kisamvu nazikubali, mradi jani lisagwe laini kabisa. Ninachokataa ni haraka ya dakika kumi za mwisho.

Walio mbali, Dar es Salaam, Muscat au Toronto, wananiuliza wafanyeje. Kisamvu cha kugandishwa hupatikana kwenye maduka ya Wakongo, mara nyingi kimeandikwa pondu. Kiyeyusheni, kichemsheni tena sufuria likiwa wazi kwa saa nzima, hata kama pakiti inasema dakika ishirini. Tafuteni siagi ya karanga isiyo na sukari, ile ambayo mafuta yake yamepanda juu ya chupa, muivuruge na maji ya uvuguvugu kabla haijagusa sufuria. Ikianza kukatika, ongezeni maji ya moto kidogo kidogo, msiache mwiko, wala msitie chumvi bado.