Mstari Kwanza, Wavuvi Baadaye

Tuliousoma Mpango Mkuu wa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma tunajua kosa halimo kwenye kanda zake za matumizi. Limo kwenye utaratibu: hifadhi ilitangazwa mwaka 2000, mpango ukaja 2005. Lilikuwa kosa la wazi, nami sichoki kulisema.

Tulitazame polepole. Kilomita za mraba 650 za bahari, mikoko na ardhi ya vijiji zikatiwa mpaka. Mikutano ya kabla ilikuwepo, lakini kumuuliza mtu kama anaitaka hifadhi si kuunda naye modeli, yaani picha ya jinsi bahari na mto vinavyofanya kazi. Mpaka ukishaingia kwenye Gazeti la Serikali, maswali yote yanayofuata huzaliwa ndani yake. Mvuvi wa Msimbati haulizwi tena samaki wanatoka wapi. Anaulizwa ukanda uliofungwa upite wapi. Mama anayetanda uduvi kando ya mikoko haulizwi bamvua imeleta nini. Anaonyeshwa tundu la wavu linaloruhusiwa. Wenyeji wanaitwa kupaka rangi picha iliyokwishachorwa.

Panda mto hadi Kitaya uone hasara. Mkulima wa mpunga wa huko anajua Ruvuma ilifurika lini, ilihama wapi na tope lilikwenda upande gani. Tope hilo na maji matamu ya mto ndiyo yanayoilisha mikoko ya chini. Modeli ya maingilio isiyo na mto wa juu ni daftari la duka lenye mauzo bila manunuzi. Na ng'ambo ni Msumbiji, yenye mto uleule. Makubaliano ya tume ya pamoja ya maji yalitiwa saini 2006, wino wa mpaka wa hifadhi umeshakauka.

 

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua ninakoelekea: RIPS. Miaka ya 1990, katika mradi huo wa maendeleo vijijini uliofadhiliwa na Ufini hapa Mtwara na Lindi, wanakijiji walichora ramani mchangani, na wavuvi wakaeleza kwenye video, kwa vinywa vyao, baruti inavyoua mwamba. Tanga nako, programu ya hifadhi ya pwani iliyoanza 1994 ilisikiliza kwanza matatizo ya vijiji. Ndipo miamba kama Kitanga ikafungwa kwa makubaliano. Mwaka 2006 Waogiek wa Nessuit, Kenya, walijenga kwa mikono yao modeli ya milima na misitu ya Mau, wazee wakitaja majina ya mahali. Siku hizi karatasi ya mahudhurio na soda mbili ndiyo tunayoiita "shirikishi".

Mpango utakapopitiwa tena, kikao cha kwanza kifanyike Kitaya, na atakayekwenda asibebe ramani. Abebe karatasi tupu, kisha ampe kalamu mwenye mto.