"Matumizi ya Mafuta" na "Kula Oili": Istilahi za Injini Iliyochakaa

Miongoni mwa tafsiri zinazokutwa katika maelezo ya matunzo ya magari, imo moja ambayo imeachwa ipite bila kuhojiwa: "matumizi ya mafuta", kwa maana ya oili ya injini inayopungua kadiri gari linavyotembea. Katika makala haya tunakusudia kuihoji tafsiri hiyo pamoja na jamaa zake, kwani kasoro yake si ya urembo wa lugha tu. Ni kasoro inayoweza kumgharimu mwenye gari fedha nyingi, na mara nyingine injini nzima.

Jambo lenyewe ni la kila siku. Magari mengi yanayotembea katika barabara za Afrika Mashariki yaliletwa yakiwa yameshatumika, hasa kutoka Japani. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi umri wa miaka 8, lakini likishaingia hutumika kwa miaka mingi baadaye. Kati ya magari hayo yamo yenye turbo, kama vile baadhi ya Subaru Forester za petroli na Toyota Land Cruiser za dizeli. Gari la namna hiyo likishavuka kilomita 200,000, si ajabu likaanza kuhitaji kuongezwa oili kabla siku ya kuibadilisha haijafika. Hapo ndipo mwenye gari, fundi, dereva, na pengine karani wa ofisi, wanapohitaji maneno ya kuelewana.

Tuanze na neno "mafuta". Katika Kiswahili neno hili ni pana mno: yapo mafuta ya nazi, ya taa, ya kupikia, ya kujipaka, na katika habari za magari, likitajwa peke yake, kila msikilizaji huelewa petroli au dizeli. Sasa na afikiriwe ofisa anayesoma taarifa isemayo, "Matumizi ya mafuta ya gari hili yameongezeka katika miezi mitatu iliyopita." Ofisa huyo hatawaza habari za ringi wala turbo. Atamwaza dereva, na atauliza petroli inauzwa wapi. Dereva ataitwa kujieleza kwa kosa ambalo si lake, na injini itaendelea kuharibika. Tafsiri iliyompeleka msomaji kwa mtu asiye na hatia haiwezi kuitwa tafsiri sanifu hata kama kila neno lake limo katika kamusi.

Wapo wanaopendelea "vilainishi". Neno hilo ni zuri, nalo limekwisha kupata makao katika lugha ya serikali na ya biashara. Ila linajumuisha grisi na oili ya giaboksi pia, kwa hiyo ni jina la ukoo wala si jina la mtu. "Mafuta ya kulainishia injini" ni sahihi, lakini ni maelezo, na dereva hawezi kuyabeba mdomoni kutwa nzima. Linabaki "oili". Anayelikataa kwa hoja kwamba ni la kigeni hana budi atueleze amefanyaje na injini yenyewe, na petroli, na dizeli, na gari. Sisi tunaona kuwa neno hili limekwisha kujitenga na "mafuta" katika vinywa vya watu, na utengano huo ndio hasa unaotakiwa katika istilahi.

Pili ni neno "matumizi". Kutumia kitu ni kukielekeza kwenye kazi yake. Petroli hutumiwa, kwa sababu kazi yake ni kuungua. Oili kazi yake ni kulainisha, kupoza na kubeba uchafu, kisha irudi chini ilikotoka. Ile iliyopungua haikutumiwa, imepotea. Mafundi husema "gari linakula oili", nasi hatuoni kwa nini usemi huu ufichwe kana kwamba ni wa aibu. Kutu hula chuma, mchwa hula boriti, safari hula fedha. Kula kwa maana ya kumaliza kidogo kidogo ni Kiswahili cha zamani, na "ulaji wa oili" unaweza kuandikwa hata katika taarifa rasmi, ukipimwa kwa lita katika kila kilomita 1,000.

Hata hivyo "kula" husema tu kwamba oili haipo, bila kusema imepita njia gani, na hapa ndipo mfasiri wa haraka anapofanya madhara makubwa zaidi. Njia ni tatu, na Kiswahili kina kitenzi kwa kila moja. Oili yaweza kuvuja, yaani kutoka nje kupitia gasketi au sili iliyochoka. Huonekana chini ya gari au juu ya injini iliyolowa. Yaweza kuungua ndani ya silinda. Na yaweza kupitishwa na turbo.

Kwa njia ya pili mafundi wengine husema "inachoma oili" na wengine "inaunguza". Yafaa tuchague, na uchaguzi si mgumu. Mtu huchoma mahindi kwa kukusudia, lakini huunguza wali asipokusudia. Injini haikuundwa ichome oili. Kwa hiyo inaiunguza. Tofauti hii imo katika lugha yetu tangu jikoni, na haihitaji kikao cha kamati.

Oili inayoungua huingia silindani ama kutoka juu, kwa sili za vali, ama kutoka chini, kwa ringi za pistoni. Sili za vali zikikakamaa, oili huchuruzika taratibu gari likiwa limesimama, na moshi wa buluu hutoka kwa muda mfupi injini inapowashwa asubuhi. Ringi zikiwa ndizo zenye kosa, moshi huonekana zaidi gari likivuta mzigo au likiongeza mwendo. Kauli ya "ringi zimekwisha" inayosikika gereji nayo yahitaji kuchunguzwa. Kwa kawaida pistoni ina ringi tatu. Mbili za juu huzuia mbano wa hewa usipotee. Ya chini hukwangua oili kutoka kwenye ukuta wa silinda na kuirudisha. Ringi hii ya chini yaweza kunata kwa sababu ya masizi magumu yaliyoganda katika mfuo wake, hasa pale oili ilipocheleweshwa kubadilishwa, huku zile za juu zikiwa bado zinafanya kazi. Fundi akipima kompresheni ataikuta nzuri, na gari litaendelea kula oili. Ringi zilizokwisha hazina tiba ila kufungua injini na kuweka nyingine. Ringi zilizonata pengine huachia baada ya kusafishwa kwa dawa na kubadilishiwa oili mara kwa mara kuliko ilivyozoeleka. Kati ya "kwisha" na "kunata" pana gharama ya injini nzima, na mwandishi wa kijitabu anayetafsiri hali zote mbili kuwa "uchakavu wa pete" amemnyima msomaji nafasi ya kujua tofauti. (Kuhusu "pete" hatuna ugomvi mkubwa, ila muuza vipuri akiulizwa pete atashangaa kwanza, ndipo atoe ringi.)

Sasa tuje kwenye turbo, ambayo kwa maoni yetu ndiyo iliyotendewa vibaya kuliko sehemu zote. Wazo la kuisukuma hewa ndani ya injini kwa nguvu ya moshi wake wenyewe lilipewa hataza mwaka 1905, nalo ni la mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi. Ekseli ya turbo ya gari huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, nayo huelea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili huingia kwa presha, na hutoka kwa kushuka yenyewe, kama maji katika mfereji. Wengi hudhani kwamba ndani mna sili ya mpira, na wafasiri huwasaidia kudhani hivyo kwa kuandika "sili ya turbo imepasuka". Kwa kawaida hakuna mpira hapo. Mna vijiringi vya chuma, ambavyo uwezo wao wa kuizuia oili hutegemea hewa isukume kutoka upande unaofaa, na oili ipate njia ya kushuka.

Ndiyo maana kitenzi "kupitisha" kinafaa hapa. Turbo yaweza kupitisha oili ingawa yenyewe ni nzima. Bomba la kurudishia oili likiziba, oili hujaa na kutafuta pa kutokea. Kadhalika injini ina njia ya kupumulia, yenye vali ndogo inayorudisha mvuke wa oili upande wa kuingizia hewa. Katika injini yenye turbo, vali hiyo, au mwenzake wa njia moja, hupaswa kufunga pale turbo inaposukuma hewa. Ikishindwa kufunga, hewa ya turbo huingia tumboni mwa injini, huizuia oili isishuke kutoka kwenye turbo, na huisukuma itoke popote penye udhaifu. Mwenye gari huambiwa "turbo imekufa". Hununua nyingine, huifunga, na baada ya wiki chache hali ni ile ile, kwa kuwa kosa lilikuwa katika kijivali kisicholingana hata kidogo na bei ya turbo. Sisi tungependa vijitabu viandike "turbo inapitisha oili" kama dalili, na "turbo imechakaa" kama hukumu, na kwamba ya pili isiandikwe kabla bomba la kurudishia na vali ya kupumulia havijakaguliwa. Kulegea kwa ekseli kunakopita kiasi, au mapanga yaliyokwaruza kasha, ndiyo ushahidi wa hukumu hiyo. Ulowevu kidogo wa oili katika mabomba ya hewa si ushahidi.

Lipo neno jingine linaloonekana halina hatia: "kawaida". Watengenezaji wengi huandika kwamba injini yaweza kula hadi nusu lita, na wengine hata lita 1, kwa kila kilomita 1,000, nasi tumezoea kuita kiasi hicho "ulaji wa kawaida". Lakini mtengenezaji hasemi kwamba injini yenye afya hula hivyo. Anaweka mpaka ambao kabla ya kuufikia hatawajibika kuitengeneza. Huo ni kikomo, na yafaa uitwe "kikomo kinachokubaliwa na mtengenezaji". Fikiria safari ya Nairobi hadi Mombasa na kurudi, karibu kilomita 970. Katika magari mengi madogo, alama ya juu na ya chini za kijiti cha kupimia zimeachana kwa takriban lita 1. Gari la "kawaida" lililoondoka likiwa limejaa litarudi likiwa limegusa alama ya chini, na dereva aliyeridhishwa na neno hilo hatakuwa amefungua boneti njiani.

Kuhusu "oili nzito", walimu hawana haja ya kusahihisha. Husemwa kwamba uzito ni wa mizani, na kwamba neno linalotakiwa ni "mnato". Darasani, sawa. Lakini uji mzito si uji wenye kilo nyingi, na mchuzi mwepesi haupimwi kwa ratili. Maana hiyo ya uzito ni yetu wenyewe. Hatari iliyopo ni ya kitaalamu: si kila gari linalokula oili litapona kwa kutiliwa nzito. Kutoka 5W-30 kwenda 10W-40 kwaweza kupunguza ulaji katika injini iliyolegea, ikiwa kitabu cha gari kinaruhusu, bali ringi iliyonata haiachii kwa sababu hiyo. Na baadhi ya injini za Subaru zenye turbo zina kichujio kidogo ndani ya bolti inayopitisha oili kwenda kwenye turbo. Kikijaa uchafu, turbo hukauka ingawa oili ni nzuri na imejaa.

Tumeiweka mwisho "taa ya oili". Jina hili fupi humfanya dereva aamini kwamba taa itamwarifu oili inapopungua. Yapo magari yenye taa ya aina hiyo, lakini ile taa nyekundu yenye picha ya kopo la oili, katika magari mengi, haipimi wingi, hupima presha. Huwaka pale pampu inapokosa cha kuvuta, na wakati huo turbo imeshaanza kuzunguka juu ya chuma kitupu. Vitabu vya shule huiita presha "kanieneo", na mwanafunzi wa fizikia na aendelee nayo. Dereva aandikiwe "taa ya presha ya oili". Sentensi isemayo "ongeza oili taa ikiwaka" ifutwe popote ilipo, na mahali pake iandikwe: "Taa ya presha ya oili ikiwaka, simama mahali pa salama, zima injini mara moja, kisha ndipo upime oili."