Chapo Madondo na Tumbo la Mwanafunzi

Chapati mbili, sahani ya maharagwe yaliyokaangwa kwa kitunguu kingi, na kikombe cha chai ya maziwa. Mlo huu, chapo madondo, unauzwa vibandani kuanzia River Road hadi Kangemi, Uthiru na Kikuyu, kule wanakopanga vyumba wanafunzi wa kampasi za Kabete na Kikuyu za Chuo Kikuu cha Nairobi. Ni nafuu, unashibisha, na kwa walio wengi ni chakula chema kabisa. Lakini kwa mwenye IBS, yule ambaye tumbo humsokota, hujaa gesi na choo hubadilika mara kwa mara ilhali daktari haoni kidonda wala uvimbe, sahani hiyo moja imekusanya mambo matatu yanayomtesa zaidi: fruktani za ngano na kitunguu, sukari za maharagwe, na laktosi ya maziwa.

Mambo hayo matatu yalijulikanaje? Sehemu ya habari hii ilianzia Afrika Mashariki.

Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland ya Kaskazini, alifika Uganda mwaka 1946 na akafanya kazi kwa miaka mingi katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Hugh Trowell alikuwa amemtangulia: alianza kazi Kenya mwaka 1929 kabla ya kuhamia Uganda. Wote wawili waliona kwamba magonjwa ya utumbo yaliyojaza wodi za Uingereza yalikuwa adimu huku. Mwaka 1972 Burkitt na wenzake walichapisha vipimo vyao katika jarida la Lancet. Njia yao ilikuwa nyepesi na ya werevu: mtu anameza vipande vidogo vya plastiki vinavyoonekana kwenye eksirei, choo chake kinakusanywa na kupimwa uzito, kisha vipande vinahesabiwa hadi vitoke. Kwa wanakijiji wa Uganda, chakula kilipita mwilini kwa takriban saa 36 na choo cha siku kilifika gramu 470. Kwa mabaharia wa jeshi la Uingereza, safari hiyo ilichukua saa 83 na choo kilikuwa gramu 104.

Hapo nyuzinyuzi zikapata sifa duniani kote, na wagonjwa wa IBS nao wakaanza kuandikiwa pumba za ngano. Mwaka 1994 Francis na Whorwell wa Manchester wakawauliza wagonjwa 100 pumba zimewafaa nini. Hamsini na watano walisema zimewazidishia maradhi. Kumi tu ndio waliosema zimewasaidia. Kwa maoni yangu, kosa halikuwa katika vipimo vya Burkitt. Kosa lilikuwa kuchukua chakula kilichowafaa wanakijiji wenye matumbo mazima, kukipunguza hadi kikabaki pumba, kisha kuwapa watu wenye shida tofauti. Hadi leo mwanafunzi anayelalamikia tumbo huambiwa ale mkate wa ngano nzima na maharagwe kwa wingi. Wengine ushauri huo huwaumiza.

Waliokuja na maelezo bora ni watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne. Mwaka 2005 Peter Gibson na Sue Shepherd walitoa jina FODMAP kwa kundi la sukari fupifupi ambazo utumbo mwembamba hauzifyonzi vizuri, zikiwemo fruktani, sukari za maharagwe na laktosi. Zikibaki humo huvuta maji. Zikifika utumbo mpana, bakteria huzichachusha na kutoa gesi. Maabara yao ilipima vyakula kimoja kimoja, sukari kwa sukari, na kiasi kwa kiasi. Mwaka 2014 walichapisha jaribio lililowapa wagonjwa 30 karibu chakula chao chote: siku 21 za mlo wenye FODMAP kidogo na siku 21 za mlo wa kawaida wa Australia, wengine wakianza na huu na wengine na ule. Kwenye kipimo cha dalili cha 0 hadi 100, mlo wenye FODMAP kidogo ulitoa wastani wa 22.8, na ule wa kawaida 44.9.

Lakini utafiti ninaouthamini kuliko huo ni wa Nottingham, uliochapishwa mwaka 2017. Wagonjwa wa IBS na watu wazima wa afya walinyweshwa inulini, ambayo ni aina ya fruktani, kisha matumbo yao yakapigwa picha kwa mashine ya MRI. Gesi iliongezeka kwa kiwango kinachokaribiana katika makundi yote mawili. Walioumia ni wagonjwa. Maana yake ni kwamba mishipa ya fahamu ya utumbo wao huhisi kupita kiasi kile ambacho mwingine hakisikii. Aliyewahi kuambiwa maumivu yake ni mawazo tu, au ni woga wa mitihani, ana jibu hapo.

Sasa turudi kwenye sahani ya Nairobi, kwa sababu orodha ya Melbourne haikuandikwa kwa ajili ya Kawangware. Habari njema ni kwamba msingi wa chakula chetu ni salama: ugali wa mahindi, wali, viazi, wimbi na mtama vina FODMAP kidogo. Sukuma wiki, spinachi na karoti pia. Mayai, samaki, omena na nyama havina kabisa. Kwa hiyo ugali, sukuma na omena ni mlo unaoshinda chapo madondo kwa mwenye IBS, na mwanafunzi hahitaji kwenda supamaketi ya Westlands kuupata. Soko la Kangemi linatosha. Njugu karanga kiganjani, papai na chungwa ni vitafunio vizuri kuliko tufaha, embe au tikiti maji. Ndizi mbivu sana ina fruktani nyingi kuliko ile ambayo bado ni ngumu kidogo.

Adui mkubwa ni kitunguu, kwa sababu kimejificha katika kila sufuria, na hata viungo vya pakiti mara nyingi vina unga wa kitunguu na wa kitunguu saumu. Lakini fruktani huyeyuka kwenye maji, si kwenye mafuta. Mwenye meko chumbani anaweza kukaanga vipande vikubwa vya kitunguu katika mafuta, kuvitoa kabla hajaweka nyanya au maji, na ladha ikabaki. Majani ya kijani ya kitunguu cha majani, dania na tangawizi havina shida. Maharagwe nayo si lazima yafukuzwe: kuyaloweka usiku kucha, kumwaga maji hayo, kuyachemsha na kumwaga maji tena hupunguza sukari zake, na vijiko vichache juu ya wali vinaweza kuvumilika pale ambapo sahani nzima ya githeri haivumiliki.

Kuhusu maziwa, tusihukumu haraka. Utafiti ulioongozwa na Sarah Tishkoff, uliochapishwa mwaka 2007, ulichunguza watu 470 wa Kenya, Tanzania na Sudan na kugundua kwamba baadhi ya jamii zetu za wafugaji zina badiliko lao wenyewe la jeni, tofauti na la Wazungu, linalowawezesha kumeng'enya laktosi ukubwani. Hata wasio na jeni hiyo, wengi wao huvumilia takriban gramu 12 za laktosi kwa mara moja, sawa na glasi moja ya maziwa. Kikombe kimoja cha chai kwa kawaida hakifiki hapo.

Hata hivyo, mwanafunzi asianze na orodha ndefu ya makatazo. Mwaka 2015 watafiti wa Sweden walilinganisha mlo wa FODMAP na ushauri wa kawaida: kula kwa saa maalumu, sahani ndogo ndogo, kupunguza mafuta, kahawa, kitunguu na maharagwe. Baada ya wiki nne, karibu nusu ya wagonjwa walipata nafuu katika kila kundi. Kwa anayeshinda njaa madarasani mpaka saa kumi na mbili jioni, kisha akala chipsi na soseji, hatua ya kwanza ni kula asubuhi. Isipomsaidia, ndipo ajaribu kuondoa FODMAP kwa wiki nne hadi sita, kisha arudishe kundi moja baada ya jingine ili ajue linalomuumiza. Wengi huiacha hatua hii ya kurudisha, wakabaki na lishe duni bila sababu.

Na kabla ya yote, apimwe. Amiba na giardia zipo mjini. Kipimo cha Widal cha homa ya matumbo hakitegemeki, na kumeza antibiotiki kila muhula kwa sababu yake ni hatari. Apimwe pia ugonjwa wa siliaki kabla hajaacha ngano, kwani akishaiacha kipimo hicho kinaweza kumdanganya. Damu kwenye choo, kupungua uzito au upungufu wa damu si IBS mpaka daktari aseme hivyo.

Kwenu wasimamizi wa mesi za vyuo: pikeni kila siku sufuria moja ya sukuma isiyo na kitunguu, na mwageni maji ya kulowekea maharagwe.