Sifa za Unimog na Mtunzaji Wake

Sijui gari jingine lililobuniwa kwa nia ya amani, likaenda jeshini, kisha likarudi uraiani kuwa makao ya wasafiri, ambalo lastahili kusifiwa pamoja na watunzaji wake kama Unimog ya Wajerumani. Mhandisi Albert Friedrich alilibuni mara baada ya Vita Kuu ya Pili liwe chombo cha mkulima. Likaundwa kwanza Göppingen, na tangu 1951 likaundwa Gaggenau. Na baina ya 1955 na 1980 yakatoka zaidi ya magari 64,000 ya aina ya 404, ambayo aghalabu yalikwenda majeshini kubeba askari, majeruhi na mitambo ya redio. Majeshi yalipoyauza, raia wakayanunua, wakatandika kitanda palipokuwa na redio na kuweka jiko palipokuwa na machela.

Asiyelijua gari hili, akilitazama likipita juu ya mawe, atadhani limevunjika. Fremu yake iliundwa makusudi ipinde: gurudumu moja likipanda jiwe na mwenziwe likizama shimoni, chuma chote hujinyonga, springi zikajikunja na kujinyosha, na tairi zote nne zikabaki zimeishika ardhi. Hapo ndipo ustadi wa mjenzi wa nyumba unapopimwa, kwani nyumba iliyokazwa kwa bolti katika pembe zake nne ama itapasuka, ama, na hili ndilo ovu zaidi, itaizuia fremu isipinde, na hivyo kulipokonya gari fadhila yake kubwa. Fundi mwenye akili huiegemeza nyumba mahali patatu tu, na mahali pamoja kati ya hapo huwa na egemeo lizungukalo. Na kama chungu kinavyotulia juu ya mafiga matatu hata ardhi isipokuwa sawa, ndivyo chumba kitakavyosalimika ilhali chuma kilicho chini yake kinajipinda kitakavyo. Mimi humpima fundi kwa mlango wake: gurudumu moja likipandishwa juu ya gogo, mlango wa nyumba hauna budi kufunguka na kufungika kwa wepesi ule ule wa uwanjani.

Ekseli zake nazo haziingii katikati ya gurudumu bali juu ya kitovu chake, na gia zilizomo humo ndizo zinazoishusha nguvu hadi kwenye tairi. Kwa sababu hiyo difu zimeinuka mno, na mawe hupita chini pasipo kuzigusa. Lakini kila kitovu kina oili yake na sili yake, na sili ikichoka, oili huvuja hata ikazilowesha breki. Kwa hiyo mtunzaji mwema, kabla ya kunywa kahawa yake, hujilaza mavumbini, akapitisha kidole nyuma ya kila gurudumu, kisha akakinusa, maana oili ya gia ina harufu kali ya kiberiti ambayo aliyeizoea haisahau.

Katika barabara ya lami gari hili halina la kujivunia: injini ya petroli ya aina hiyo ya 404, ya silinda sita na lita 2.2, ina nguvu za farasi 82 hivi, na mwisho wa mbio zake ni kilomita 95 kwa saa. Lipelekeni katika mchanga wa Sahara, kusini mwa Algeria, ndipo mtakapomjua dereva. Huyo hupunguza upepo wa tairi mpaka zikatandazika, akashika mwendo wa taratibu usiokatika, na huzifunga difu kabla ya kukwama, si baada yake, kwani gurudumu lililokwisha kuanza kuchimba hujizika lenyewe. Akifika ardhi ngumu huzifungua mara moja, maana magurudumu yaliyofungwa pamoja hayakati kona ila kwa kuumizana, kisha husimama kujaza upepo upya. Nami nikimwona dereva akiifanya kazi hiyo ya kuchosha, tairi moja moja, chini ya jua la utosi na bila ya kunung'unika, niko radhi kusafiri naye popote atakapo.