Sarufi Ndani ya Kitendawili: Jinsi Mchezo Unavyofundisha Kiingereza Darasani

Mtoto anayemaliza darasa la saba katika shule ya serikali huko Miono, Halmashauri ya Chalinze, Tanzania, amesoma hisabati na sayansi kwa Kiswahili. Nyumbani anazungumza Kiswahili, na kwa bibi yake huenda anasikia Kikwere, Kizigua au Kidoe. Akiingia Kidato cha Kwanza, karibu kila kitabu anachokabidhiwa ni cha Kiingereza. Hali hii ina historia. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule za msingi, sekondari ikabaki na Kiingereza. Tume ya elimu ya mwaka 1982, maarufu kama Tume ya Makweta, ilipendekeza Kiswahili kipande hadi sekondari, lakini pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 Criper na Dodd, wataalamu kutoka Uingereza, waliwapima wanafunzi wetu na kuripoti kwamba Kiingereza cha wengi wao hakikutosha kufuatia masomo.

Mjadala wa lugha ya kufundishia bado ni mkali, na ni wa haki. Mwalimu aliyesimama mbele ya darasa leo, hata hivyo, hawezi kuusubiri uishe. Ana kipindi cha dakika 40 na wanafunzi wanaoogopa kufungua mdomo. Moja ya mbinu shirikishi anazohimizwa kutumia ni mchezo. Kwa nini basi mchezo mmoja hufundisha na mwingine huishia kwenye kelele tu?

Tuanze na hesabu. Chukua darasa la wanafunzi 60. Mwalimu akiuliza swali, mmoja akasimama, akajibu, akakaa, na zoezi hilo likachukua dakika 20, kila mwanafunzi atakuwa amepata sekunde 20. Hapo tumechukulia kwamba maswali na majibu yote yamesemwa na wanafunzi wenyewe, jambo ambalo halitokei. Wapange wawili wawili kwa dakika 10 tu, kila mmoja anapata takriban dakika tano za kusema. Kitabu hakijaongezwa wala mwalimu hajaongezwa. Kilichobadilika ni mpangilio wa madawati.

Lakini kuwapanga wawili wawili hakutoshi kama hawana sababu ya kusemezana. Mwanafunzi anayemuuliza mwenzake "What is your name?" ilhali wamekaa dawati moja tangu Januari hana anachotafuta. Ndiyo maana walimu wa lugha wa Ulaya na Marekani, tangu miaka ya 1970, walisisitiza pengo la habari: mmoja anajua jambo, mwenzake halijui na analihitaji, na njia pekee ya kulipata ni kuuliza.

Wazee wetu wa Pwani walikuwa na chombo hicho zamani. "Kitendawili!" "Tega!" Mtegaji ana jibu, wasikilizaji hawana. Wanakisia mmoja baada ya mwingine. Wakishindwa, mtegaji anadai mji, anapewa, ndipo anafumbua. Tazama kinachofanyika hapo: kila hatua ina maneno yake maalumu. Mtoto mwenye haya anajua zamu yake ikifika atasema nini, na woga unapungua kwa sababu fomula inambeba. Mchezo mzuri wa Kiingereza unahitaji hayo mawili: pengo la habari na fomula ya kulizibia.

Tuujenge basi. Mwalimu anakata vipande vya manila na kuandika neno moja kwenye kila kipande: nanasi, korosho, ngalawa, tembo. Kila kundi linapewa kipande kwa siri na kutunga madokezo matatu. Kundi lenye nanasi linaweza kusema: "It wears a crown, but it is not a king. It has many eyes, but it sees nothing. It grows in Kiwangwa." Vitenzi vimelazimika kukaa katika nafsi ya tatu umoja: wears, has, sees, grows. Ile "s" ambayo wanafunzi wetu huiacha sana sasa ndiyo tiketi ya kucheza, kwa kuwa sheria ni moja: dokezo lenye kitenzi kisicho na "s" yake halihesabiwi mpaka kundi lilirekebishe. Ukiondoa sheria hiyo utabaki na burudani nzuri isiyofundisha sarufi.

Kwa wakati uliopita, mchezo unaofaa zaidi ni ule wa washukiwa wawili. Nanasi limepotea shambani kwa shule jana jioni. Katika kundi la wanafunzi sita, wawili ni washukiwa wanaodai kuwa walikuwa pamoja; wanajitenga dakika tano kupatanisha maelezo yao. Wanne waliobaki ni wapelelezi, na dakika hizo tano wanaandaa maswali. Kisha mshukiwa mmoja anahojiwa huku mwenzake akiwa mbali, halafu wanabadilishana. Majibu yakigongana, wamekamatwa.

Nguvu ya mchezo huu iko mahali pasipoonekana haraka. Ili kulinganisha majibu, wapelelezi hawana budi kumuuliza mshukiwa wa pili maswali yaleyale: "Where did you go? What did you eat? Who did you meet?" Muundo mmoja unarudiwa mara nyingi, na hakuna anayechoka kwa sababu kila mtu anawinda uongo. Unagusa pia kosa letu kubwa. Katika Kiswahili, "ulikwenda" haibadiliki iwe ni kauli au swali. Kiingereza kinahamishia alama ya wakati kwenye "did" na kuacha kitenzi kitupu, kwa hiyo mwanafunzi anaiweka mara mbili na kusema "Where did you went?" Somo la ubaoni humweleza kanuni, kuuliza mara kumi mfululizo huuzoesha ulimi wake.

Kwa msamiati, mwanafunzi mmoja anakaa akiupa ubao mgongo. Mwalimu anaandika neno kutoka somo la Baiolojia au Jiografia, tuseme "root" au "evaporation", na wenzake wanamweleza bila kulitaja. Wape fomula ubaoni: "It is something that..." au "It happens when..." Faida ni mbili, kwa sababu maneno hayo atakutana nayo katika vipindi vingine wiki hiyohiyo.

Igizo nalo lina ushahidi wake nchini. Mwaka 1996 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha mradi wa Tuseme, ukiongozwa na Penina Mlama na Amandina Lihamba, ili wasichana wa sekondari wayataje matatizo yao, wayachambue na kuyaigiza. Lengo lake halikuwa sarufi. Hata hivyo mbinu yake inatufaa: anayesema kwa niaba ya mhusika haogopi kuchekwa kama anayejisemea mwenyewe.

Mchezo huharibika kwa njia zinazojulikana. Mwalimu akikatiza kila kosa, mazungumzo hufa. Bora aandike makosa daftarini na kuyaweka ubaoni dakika tano za mwisho, bila majina. Wanafunzi wakiadhibiwa kwa kupanga mambo kwa Kiswahili, hunyamaza kabisa; Kiswahili kitumike kuelewana kuhusu sheria, na Kiingereza kiwe lugha ya kuchezea.

Wapo watakaosema mtihani wa Kiingereza wa Kidato cha Nne ni wa maandishi, basi kuzungumza ni kupoteza muda. Jibu liko katika andalio la somo: mchezo uishe kwa kalamu. Baada ya upelelezi, kila mwanafunzi aandike taarifa ya sentensi tano kuhusu alichosema mshukiwa. Muundo aliousema mara kumi sasa anauandika, na mtihani unapima huohuo.

Mwalimu mwenzangu wa Miono, Mandera, Kiwangwa na kwingineko, tenga kipindi kimoja kwa wiki. Kabla ya kuingia darasani jiulize: je, mwanafunzi anaweza kushinda mchezo huu bila kutumia sarufi ninayoifundisha? Kama anaweza, badilisha sheria kwanza.