Ukali, Nguvu na Ukolevu: Uhakiki wa Istilahi za Asidi na Besi

Mjadala wa istilahi za sayansi katika Kiswahili umeelekea mno kuuliza neno limetoka wapi, na ni mara chache umeuliza neno linafanya kazi gani. Makala haya yanachukua istilahi za asidi na besi, jinsi zinavyomkabili mwanafunzi anayeanza kemia, ili kuonyesha kwamba kasoro kubwa haitokani na maneno ya mkopo bali na neno letu wenyewe: -kali.

Tuanze na mkopo. Wapo wapendao tindikali badala ya asidi, kwa kuwa limezoeleka. Lakini katika matumizi ya kila siku tindikali ni kile kimiminiko cha betri ya gari, kinachounguza nguo na ngozi. Kuyaita maji ya ndimu tindikali ni kumshtua msikilizaji bila faida. Asidi halina mzigo huo. Hali kadhalika, besi na alkali yafaa yabaki yote mawili, maana si visawe. Oksidi ya shaba ni besi, kwa kuwa humenyuka na asidi na kutoa chumvi na maji. Lakini haiyeyuki katika maji, kwa hiyo si alkali.

Hoja kwamba istilahi lazima ijieleze nayo ina mipaka. Katika karne ya 18, Lavoisier alibuni jina la oksijeni kutokana na maneno ya Kiyunani yenye maana ya "kizaa-asidi", akiamini kwamba kila asidi ina elementi hiyo. Mwaka 1810 Humphry Davy alionyesha kwamba asidi tuiitayo leo haidrokloriki haina oksijeni hata chembe. Maana ya asili ilikosea, lakini jina halijamzuia mtu kujifunza kemia.

Kinachomzuia mtu kujifunza ni neno moja kubeba dhana tatu. Katika Kiswahili, -kali husema ladha (ndimu ni kali), husema madhara (dawa kali huunguza), na husema wingi wa kitu katika maji (chai ya rangi ni kali mno). Mwalimu anapoongeza maana ya nne, yaani asidi inayoachana kabisa kuwa ayoni ndani ya maji, mwanafunzi hana njia ya kuitambua. Akiona asidi kali imeongezwa maji, atasema ukali umepungua, basi sasa ni asidi dhaifu. Kwa Kiswahili amesema sawa. Kwa kemia amekosea.

Mfano utathibitisha. Asidi ya haidrokloriki yenye moli 0.001 kwa lita ina pH 3. Asidi ya siki yenye moli 0.1 kwa lita ina pH inayokaribia 2.9. Kwa kipimo hicho zinakaribiana sana. Hata hivyo, ya kwanza imeachana yote, ilhali katika ya pili ni takriban molekuli 1 tu kati ya 75 iliyoachana; na ujazo ule ule wa siki hiyo utadai alkali mara 100 zaidi ili umalizwe. Ya kwanza ni ya nguvu lakini imezimuliwa. Ya pili ni dhaifu lakini imekolea zaidi. Neno -kali haliwezi kuyasema haya.

Lugha yenyewe imekwisha kutupa dawa. Mpishi husema chumvi imekolea, na anywaye uji wa moto huuzimua. Tunapendekeza basi: nguvu na udhaifu vihusu kuachana kwa ayoni, kukolea na kuzimua vihusu kiasi kilichomo katika maji, kubabua kuhusu madhara. Neno -kali liachiwe ulimi na mazungumzo ya kawaida.

Tangu Katiba ya 2010, Kiswahili ni lugha rasmi nchini Kenya pamoja na Kiingereza, ilhali kemia katika shule za sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Wanaoshuku uwezo wa Kiswahili hutaja uhaba wa maneno. Mfano huu waonyesha kwamba maneno yapo, tena jikoni mwetu. Linalotakiwa kwa wanaistilahi ni kuyagawia kazi, na kuhakikisha kwamba hakuna neno linalofanya kazi ya jirani yake.